Breki ya Mkono Iliyovutwa Miaka Kumi na Minane

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, mwanamke mmoja ameketi juu ya kreti la soda ndani ya banda la mabati. Sikio lake liko karibu kabisa na gurudumu la nyuma la gari ambalo halijasogea hata hatua moja kwa miaka kumi na minane. Mkononi ana nyundo ya mti. Anagonga mara moja, anatulia, anasikiliza. Anasogeza mkono kidogo, anagonga tena, anasikiliza tena.

"Bado," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Tairi limeshatolewa. Kilichobaki ni ngoma, lile bakuli zito la chuma linalofunika breki na kuzunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vya breki, vipande vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Dereva akikanyaga pedeli, viatu hutanuka na kuibana ngoma. Akiondoa mguu, huiachia. Katika gari hili vilibana siku moja, miaka kumi na minane iliyopita, na mpaka leo havijaachia.

Mwanamke ana miaka arobaini na tisa. Mafundi wenzake humwita Mama Taratibu, na wateja wameshasahau kwamba ana jina jingine. Anatengeneza breki tu. Ukimpelekea gari lenye injini inayokohoa, atakuelekeza kwa jirani. Ukimwambia taa haziwaki, atakuambia pole.

"Gari lisilowaka halijaua mtu," anasema. "Linaloua ni lile lisilosimama. Mimi nimechagua ugomvi na hilo moja tu, wengine wagombane na hayo mengine."

Gari lililo mbele yake ni la mwaka 1967, dogo, la milango minne, rangi ya maziwa iliyochujuka. Ni la dereva mstaafu wa mabasi mwenye umri wa miaka sabini na sita, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake. Nyumba yake, pamoja na banda hili, imeuzwa. Mwenye kiwanja mpya ametoa muda mpaka Jumamosi saa sita mchana. Saa saba mafundi wake wanaanza kung'oa mabati.

Kinachofanya jambo liwe gumu ni uchochoro. Kutoka kwenye lango la banda hadi barabara kuu ni hatua themanini za mteremko, na upana wake unatosha gari hili dogo na mtu mmoja mwembamba pembeni. Hakuna gari la kuvuta linaloweza kuingia. Wenye magari ya kuvuta watatu walikuja, wakapima kwa macho, wakakuna vichwa, wakaondoka. Kwa hiyo gari litoke kwa magurudumu yake lenyewe, au likatwe vipande papo hapo lilipo.

Na atakayelikata ameshafika. Ameketi langoni juu ya mtungi wake wa gesi, mizani ya kuning'iniza ikiwa begani na mkokoteni ukiwa nyuma yake. Ni mnunuzi wa vyuma chakavu, na mtaa mzima humwita Bwana Kilo kwa sababu hajui kuthamini kitu kwa kipimo kingine.

"Subira huvuta heri, Mama," anamwambia fundi. "Lakini mimi nimekuja na mkokoteni."

"Basi ukalie mkokoteni, huo mtungi utakupa baridi ya mgongo," Mama Taratibu anajibu bila kugeuka.

Kazi hii ilimfikia siku nane zilizopita. Binti wa mzee, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka thelathini na minne, alifika gereji saa ya mapumziko, chaki ingali kwenye mkono wa gauni. Alikuwa amekataliwa na mafundi wanne. Wa nne alimshauri alikate gari, anunue friji.

"Nilimwambia, fundi, baba yangu aliendesha mabasi ya watu miaka thelathini na mmoja ili anunue hilo moja la kwake," anasimulia mwalimu. "Hajawahi kuwa na kitu kingine alichokiita changu. Likikatwa, sijui nitamtazama vipi mezani."

Mama Taratibu alikuja, akafungua mlango wa dereva, akachungulia. Hakugusa kitu. Alitazama tu mkono wa breki ulio katikati ya viti, ukiwa umesimama wima, umevutwa mpaka jino la mwisho.

"Hapo nikajua nimekutana na mtu makini," anasema. "Mzembe angeliacha huru, na leo tungelisukuma kwa kidole. Makini ndiye aliyenipa kazi ya siku nane."

Maelezo yake ni mepesi, hata mwandishi wa makala haya, ambaye spana namba kumi na namba kumi na moja kwake ni mapacha, aliyaelewa. Breki ya mkono huvuta waya, waya hutanua viatu vya nyuma, viatu huibana ngoma. Kwa usiku mmoja hakuna ubaya. Lakini ukiacha hivyo mwaka, unyevu huingia, kutu humea, na chuma hushikana na chuma. Gari la kuwekwa muda mrefu huachiwa breki ya mkono, kisha jiwe linawekwa chini ya tairi.

Mzee mwenyewe alipoambiwa hivyo, alishangaa kwa dhati.

"Nimeshuka kwenye basi mara elfu ngapi sijui," alisema. "Sijashuka hata mara moja bila kuvuta. Dereva anayeshuka bila kuvuta si dereva, ni abiria aliyekaa mbele. Sasa hili la kwangu ningeliacha vipi?"

"Kwa usiku mmoja vuta, baba," Mama Taratibu alimjibu. "Kwa mwaka, weka jiwe."

Magurudumu ya mbele yaliachia ndani ya siku moja na nusu. La nyuma kulia lilichukua siku mbili, na ngoma yake ilitoka ikiwa na makovu, ikapelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma ili ilainishwe uso. Lililobaki ni la nyuma kushoto. Tangu Jumatatu anaongea nalo.

Utaratibu wake haubadiliki. Anadondosha mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili nyembamba kwenye tundu dogo la ngoma, anasubiri. Anamimina maji ya moto kutoka kwenye birika kuzunguka bakuli, chuma kitanuke kidogo. Anagonga kwa nyundo ya mti sehemu kumi na mbili, akifuata mzunguko wa saa. Kisha anakaza boliti mbili zinazoisukuma ngoma nje, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Halafu anaanza upya.

Bwana Kilo anatazama yote hayo kwa uchungu wa mtu anayeona chakula kikipoa. Pembeni ya mkokoteni wake ameegemeza nyundo kubwa ya chuma, mpini wake mrefu kama wa jembe.

"Mama, ngoma hupigwa," anasema. "Nipe mara mbili tu."

"Ukiipiga hii mara mbili, ya tatu utaipima kwenye mizani yako."

Anatania, lakini uso haucheki. Ngoma ya chuma cha kumimina haipindi, hupasuka. Za gari hili hazitengenezwi tena popote. Ikipasuka moja, gari limekwisha, na Jumamosi itakuwa ya Bwana Kilo.

Mama Taratibu analijua hilo kuliko mtu yeyote katika mtaa wa gereji, na hapo ndipo lilipotoka jina lake.

Hakuzaliwa kwenye gereji. Baba yake alikuwa fundi viatu, na yeye tangu akiwa na miaka kumi na miwili alijua kugongelea soli kwa riveti bila kupinda hata moja. Alipofika miaka ishirini na minane, viatu vya plastiki vilikuwa vimeshaua biashara ya baba. Siku moja fundi wa breki wa jirani alimletea vipande vya breki akamwomba amgongelee bitana mpya, lile gamba linalosugua ngoma, kwa sababu mikono ya vijana wake ilikuwa mizito.

"Nikaona, kumbe na magari yanavaa viatu," anasema. "Nikagongelea. Kesho yake akaleta vinane. Mwezi wa pili akaniambia, mama, hamia huku."

Leo ana miaka ishirini na mmoja kwenye kazi. Wiki nzuri hupokea magari saba au manane. Wiki mbaya huwa mawili, na mojawapo ni la mtu anayeahidi kulipa mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi gani. Kwa breki amesomesha watoto watatu. Mumewe, mpishi wa bweni la shule, humtania kwamba ndani ya nyumba yao ukinusa kitunguu, yeye ndiye amerudi, na ukinusa mafuta ya breki, ni mkewe, kwa hiyo hakuna haja ya kubisha.

Kwenye dirisha la kibanda chake cha kazi kuna kipande cha chuma kilichopinda, kikubwa kiasi cha kiganja. Kinakandamiza matambara yasipeperushwe na upepo. Wateja hudhani ni takataka.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwoka mikate wa mtaa wa pili alimletea gari lake la kusambazia mikate. Lilikuwa kuukuu, la aina isiyouzwa tena, na breki ya nyuma ilikuwa imeshika. Alilitaka kabla ya jioni kwa sababu mikate ya kesho yake ilikuwa imeshaagizwa. Mama Taratibu alijaribu asubuhi nzima. Saa nane mchana akachukua nyundo ya kilo nne.

"Ya kwanza ilikuwa salama," anasema. "Ya pili nikasikia mlio umebadilika. Chuma kizima hulia, kilichopasuka hunung'unika. Nilijua kabla ya kutazama."

Ngoma nyingine haikupatikana. Ilitafutwa hadi miji mitatu. Mwoka mikate akaanza kusambaza kwa baiskeli, mikate michache, karibu karibu. Baada ya mwaka mmoja tanuri lilizimwa.

"Hakunigombeza. Alisema, 'Ni bahati mbaya, mama.' Basi. Angenitukana, ningelala." Anafuta mikono kwenye kitambaa ambacho tayari ni kichafu kuliko mikono. "Nyumba yake iko njiani nikitoka sokoni. Nilibadili njia. Hii ninayopita sasa ni ndefu kwa hatua mia mbili. Nilizihesabu. Kila siku, miaka kumi na moja."

Watu wakimwona anagonga kwa nyundo ya mti humtupia ile methali ya haraka na baraka. Anasema ameichoka. Hafanyi taratibu kwa sababu ya baraka, anafanya kwa sababu ya aibu, na haoni haya kusema hivyo.

Alhamisi alasiri, mafuta yakiwa yameachwa yapenye, mzee anafika akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Macho yake yana ukungu. Mtu akiwa umbali wa hatua tatu humwona kama kivuli. Anaingia bandani, anapapasa bodi ya gari kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa dereva, anautafuta mpini, anaupata. Mwalimu anakaa kwenye kizingiti na daftari za wanafunzi za kusahihisha.

"Mimi nilimnunia baba miaka mingi kwa sababu ya gari hili," anasema mwalimu, nusu kwa mwandishi, nusu kwa daftari. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila nikiuliza kwa nini haliendeshwi, anasema betri. Nikaanza kazi, nikamwambia nitanunua betri. Akasema betri za siku hizi hazifai. Nikajua ni choyo tu, hataki niliguse."

Mzee amesimama na mkono kwenye mlango. Langoni Bwana Kilo anahesabu kitu kwa sauti ya chini.

"Haikuwa betri," mzee anasema.

Mwalimu anainua uso.

"Jioni moja nilikuwa narudi nyumbani. Kuna mtoto alivuka barabara. Sikumwona. Nasema sikumwona kabisa, nilisikia mama yake anapiga kelele, nikakanyaga. Gari likasimama. Mtoto alikuwa mbele ya taa, hivi." Anapima kwa mikono upana wa mto wa kulalia. "Angekuwa mbele ya basi, ama mbele ya breki mbovu, amekwenda. Nikarudi nyumbani, nikaegesha humu, nikavuta breki. Nikajiambia, haya basi, imetosha."

"Na hukutuambia, baba."

"Ningesema nini? Dereva wa miaka thelathini na mmoja, haoni? Nani angeendelea kuniita dereva?"

"Mficha maradhi, baba," mwalimu anaanza, lakini hamalizi methali. Anainuka, anamfuta baba yake vumbi la begani, ingawa begani hapakuwa na vumbi jingi. Mama Taratibu anageukia birika lake na kulishughulikia kuliko inavyohitajika. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na kitu jichoni, na haikuwa kutu.

Ijumaa saa nne asubuhi ngoma bado haijatoka. Zimebaki saa ishirini na sita. Breki zikishafunguliwa itahitajika nusu siku ya kuzitengeneza upya, na mwenye kiwanja ameshatuma mtu kuuliza maendeleo mara mbili. Bwana Kilo ameacha utani. Ana watoto wanne, anasema, na wote wanakula kwa kilo. Leo amekataa kazi nyingine mbili kwa ajili ya gari hili.

Mama Taratibu anaweka nyundo ya mti chini. Anainuka, anajinyosha mgongo, anatembea hadi kwenye mkokoteni. Anaishika ile nyundo kubwa. Anaipima uzito mikononi. Anarudi nayo hadi mbele ya ngoma, anasimama.

Bwana Kilo mwenyewe, aliyeomba mambo haya kwa siku nzima, ameshusha mizani kutoka begani.

Anasimama hivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha anarudisha nyundo alikoitoa, anaiegemeza vizuri isianguke, anakaa tena kwenye kreti.

"Nipe maji mengine ya moto," anamwambia mwandishi, ambaye siku hiyo alikuwa amepandishwa cheo kuwa mshika birika.

Maji. Kugonga kumi na mbili. Robo huku, robo kule. Maji tena. Saa tano na dakika ishirini linasikika "tak," dogo sana, kama la mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Mama Taratibu anafumba macho.

"Imelia," anasema. "Haikunung'unika."

Ngoma inatoka nzima, ikiwa na bitana ya zamani imeganda ndani yake, imebanduka kutoka kwenye kiatu. Anaigeuza juani mara tatu, anaipitisha kidole pembeni kote akitafuta ufa. Hakuna. Anamkabidhi mwalimu aishike, na mwalimu, kwa kutojua la kufanya nayo, anaipakata.

Kilichofuata kilikwenda haraka, au angalau kwa haraka ya Mama Taratibu. Silinda ndogo iliyo ndani ya gurudumu, ambayo pistoni zake husukuma viatu, nayo ilikuwa imeganda. Hakuigonga. Aliifungia pampu ya grisi akaipigia pampu mpaka pistoni zikasukumwa nje zenyewe, kwa upole, moja baada ya nyingine. Akasugua ndani kwa msasa laini. Raba mpya za pistoni akaziosha kwa spiriti.

"Petroli usilete hapa, wala oili ya injini," anasema. "Raba ya breki ikinywa oili hiyo, huvimba. Utafunga kazi nzuri leo, kesho magurudumu yameshika yote manne."

Viatu vya breki aliviweka juu ya fuawe dogo la baba yake, lile lile la soli, akagongelea bitana mpya. Riveti ishirini. Hazikupinda hata moja.

Saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa kimefungwa. Ngoma ya kulia ilikuwa imesharudi kutoka kwa fundi wa kukereza, ikiwa laini. Mwalimu akaketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga na kuachia pedeli alivyoelekezwa, mpaka upepo wote ukatoka kwenye mabomba. Mama Taratibu akazunguka kupima magurudumu kwa mkono. La nyuma kushoto, huru. La nyuma kulia, huru. La mbele kushoto, huru.

La mbele kulia halikuzunguka. Breki ilikuwa imekamata na haikutaka kuachia.

"Haya sasa," akasema Bwana Kilo, na safari hii kwa huzuni.

Mama Taratibu alikaa chini akalitazama. Kisha akalegeza nati ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakaruka, na gurudumu likaachia palepale. Akapiga paji la uso kwa kiganja, na alama nyeusi ya kiganja hicho ilibaki pale mpaka jioni.

Kosa lilikuwa lake, na alilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Alikuwa amebadilisha mipira mitatu ya breki, ile mirija inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, na kuuacha wa nne. Mzee aliufunga mpya mwezi mmoja kabla ya kuegesha gari, na kwa nje ulikuwa bado unang'aa. Kwa ndani ulikuwa umevimba. Mafuta yalipita yakisukumwa na mguu wa dereva, lakini hayakupata njia ya kurudi.

"Nyumba njema si mlango," akasema. "Naijua methali hiyo tangu darasa la pili, na bado nimeangalia mlango."

Mpira mpya ulitoka gereji kwake kwa miguu ya mwalimu, aliyekimbia akiwa na viatu vya kazini. Jua lilipozama magurudumu yote manne yalizunguka kwa kusukumwa na kidole, na pedeli ilipokanyagwa yalisimama yote.

Jumamosi saa nne asubuhi kuna watu wapatao kumi kwenye uchochoro. Matairi ya zamani yamekufa kabisa, lakini gari limevaa manne yasiyofanana. Yametoka kwenye lundo la Bwana Kilo.

"Ni mkopo," anasisitiza. "Nilikuja kukata gari, sasa nimekuwa muuza matairi. Nyumbani nitaelezaje?"

Mwalimu ameketi kwenye usukani. Ana leseni tangu mwaka jana na uso mkavu. Mzee yuko kiti cha pembeni, amevaa shati la kazini la miaka hiyo, ambalo sasa ni kubwa kwake. Injini haijaguswa, hiyo ni kazi ya fundi mwingine wiki ijayo. Leo ni mteremko na breki tu, na chini ya mteremko magari yanapita mfululizo.

Mama Taratibu anatembea nyuma kushoto, karibu na lile gurudumu, mgongo ukiguswa na ukuta. Amebeba jiwe kwa mikono miwili. Breki zikikataa, atalitupa chini ya tairi. Hakulala vizuri, anasema, ingawa alizipima zote mara tatu.

"Sukuma!"

Gari linatikisika, linasita, kisha linavuka kizingiti cha banda kwa mara ya kwanza tangu mwalimu akiwa msichana wa shule. Likishaingia kwenye mteremko hakuna anayesukuma tena. Wanalifuata. Mwandishi anaona mguu wa kulia wa mzee ukikanyaga sakafu mahali pasipo na pedeli, kila mwalimu anapokanyaga wa kwake. Hatua ishirini, linapunguza. Hatua hamsini, linapunguza. Hatua tano kabla ya barabara, linasimama. Limesimama limenyooka, bila kuvuta upande, bila mlio.

Watu wanapiga makofi. Bwana Kilo anapiga kuliko wote.

Ndani ya gari, mkono wa mzee umeshanyanyuka wenyewe. Umeufikia mkono wa breki katikati ya viti na kuushika. Mama Taratibu anaona kupitia dirishani na kufungua kinywa. Lakini mzee hajavuta. Vidole vinabaki pale kidogo, kisha vinaachia kimoja kimoja. Anafungua mlango, anashuka, anapapasa ubavu wa gari mpaka alipo fundi, ananyosha mikono miwili.

"Nipe hilo jiwe, binti yangu."

"Kwa dakika kumi unaweza kuvuta, baba. Kamba ya kulivuta inakuja."

"Umejuaje ni dakika kumi?" anauliza mzee.

Anapiga magoti, analitafuta tairi kwa kiganja, analisukuma jiwe chini yake mpaka linabana. Analijaribu mara mbili kwa ngumi. Mwalimu ameshuka na kusimama nyuma ya baba yake, anafuta machozi bila kujificha.

Alasiri hiyo, gari likiwa limeshafika nyumbani kwa mwalimu, Mama Taratibu amerudi kwenye kibanda chake. Matambara dirishani yamepeperuka na kuanguka sakafuni, kwa sababu kile kipande cha chuma hakipo mahali pake. Kiko mezani, na yeye anakifunga kwa ukurasa wa gazeti hili la wiki iliyopita, ukurasa wa michezo.

Wiki hii, alipompelekea fundi wa kukereza ile ngoma ya kulia, walizungumza. Fundi huyo alimwambia kwamba anaweza kuchukua ngoma ya gari kubwa, akaipunguza na kuitoboa upya hadi ifanane na yoyote isiyopatikana tena, mradi apewe vipimo. Kipande hiki cha ngoma iliyopasuka kinatosha kutoa unene. Upana unahitaji ngoma nzima ya aina hiyo hiyo, na anayoijua Mama Taratibu ni moja tu katika mji huu. Iko upande wa pili wa gari la mikate, ambalo kwa habari alizosikia bado liko nyuma ya tanuri lililozimwa, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Gharama zote ni zake, anasema, na hilo halina mjadala. Ikifanikiwa, anataka yeye na fundi wa kukereza waanze kutengeneza ngoma za magari yaliyosahauliwa, ili asiwepo fundi mwingine atakayeambiwa hazipo.

Mwandishi anamuuliza atamwambia nini mwoka mikate, baada ya miaka kumi na moja.

Mama Taratibu anafunga fundo, anakata uzi kwa meno.

"Jumatatu nikitoka sokoni napita njia fupi," anasema. "Nitabisha hodi. Akifungua, nitamwambia nimekuja kupima ngoma."